Dobi na Picha za Utomvu

Kwetu huku mlimani, ukitaja mtu, kabla hujameza mate utaulizwa ni wa ukoo gani, baba yake nani, na kihamba chake, yaani shamba lake la migomba na kahawa, kinapakana na cha nani. Basi kuhusu Dobi msiniulize hayo. Sijui alizaliwa wapi, na miaka yote niliyomfahamu sikumsikia akisema. Jina lake la ubatizo nililiona mara moja tu kwenye daftari la kanisa, nikalisahau kabla sijafika nyumbani. Watoto walimwita Dobi, mchungaji alimwita Dobi, na siku Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu wa wilaya, alipopanda kutoka Arusha kaptula yake imejaa matope, alishuka kwenye gari akauliza, "Dobi iko wapi?"

Ninachojua ni kwamba alijifunza kazi mjini, kwenye duka la kufulia la Mhindi mmoja, kisha akapanda huku juu na pasi mbili za mkaa, beseni la bati, na dharau kubwa kwa yeyote anayefua kwa haraka. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba ya baraza. Mimi nilikuwa karani wa baraza hilo. Kati ya meza yangu na meza yake ya pasi palikuwa na ukuta mmoja wa udongo, na kutwa nzima nilimsikia akikohoa moshi na kuigonga pasi ili majivu yadondoke.

Alikuwa na tabia iliyowaudhi wengi. Ukimpa nguo, kabla hajaitikia salamu, anainusa. Anafunga macho, anavuta pumzi, halafu anakuambia ulikokuwa. "Hii imelima." "Hii imelala jikoni kwa mtu." Siku moja alinusa kanzu ya mzee mmoja wa baraza akasema, "Hii imekaa mkutanoni ikidanganya." Nilicheka, nikamwuliza uongo unanukaje.

"Karani," akasema, "jasho la jembe likikauka halina neno. Jasho la mtu anayeogopa maneno yake mwenyewe, hilo halitoki kwapani hata nimalize mche mzima wa sabuni."

Nilidhani ni porojo za kuchangamsha kazi. Siku hizo nilidhani mambo mengi.

Mimi alinigombeza kwa ajili ya wino. Nilikuwa na shati jeupe moja la kazi. Moja, si mawili. Kila Jumamosi mchana nililivua nikampa, nikaenda nyumbani na koti juu ya fulana, na Jumatatu asubuhi nililikuta limekunjwa juu ya meza yangu, jeupe pe, kola imesimama. Na kila Jumamosi alinyoosha mfuko wenye doa mbele ya pua yangu. "Hebu niambie, wewe unaandikia kalamu au unaandikia mfuko?" Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, nikisemwa hivyo mbele ya akina mama wanaoleta mashuka. Nilikuwa nakasirika hadi masikio yanawaka. Leo natamani nisemwe tena.

Sasa niseme habari ya ugomvi, maana bila ugomvi Dobi asingechora. Miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu, sisi wa mteremko ule tulipigana wenyewe kwa wenyewe. Kisa chake ni nani akalie kiti cha mkuu wa baraza. Watu wa juu ya mfereji wa maji unaokata mteremko walikuwa na mtu wao, watu wa chini walikuwa na wao. Ilianza kwa maneno ya kilabuni, ikaja kwenye fimbo, ikaishia kwenye viberiti. Tulikatiana mibuni, na mtu aliyewahi kuutunza mbuni toka mche anajua uchungu wake. Wanawake walirudishwa kwa baba zao kwa kosa la kuzaliwa ng'ambo ya mfereji. Kanisani watu wa juu waliketi kulia, wa chini kushoto, na mchungaji alihubiri akitazama katikati, penye mabenchi matupu. Tulizika vijana wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Serikali ilipopandisha askari na kumweka kitini mtu wa upande wa juu, tukanyamaza, lakini hatukuwa tumepatana.

Mimi ni wa juu. Mke wangu alizaliwa chini. Sikumrudisha. Katika miezi ile yote, hilo ndilo jambo moja ninaloweza kulisema bila haya.

Dobi hakuwa na upande. Mashati ya juu na mashati ya chini yote yalifika kwake yakiwa na damu, na yote aliyaloweka kwenye beseni moja la maji baridi. Jamaa mmoja aliwaka: mbona shati lake linalowekwa na la maadui? Dobi akamrushia shati likiwa bichi. "Kalifue mwenyewe kwa maji ya chama chenu." Jamaa alirudi kesho yake, mpole.

Mkuu wetu mpya alikuwa na kabuti la jeshi, kubwa, la rangi ya majani makavu, ingawa vitani hakwenda. Alilivaa Julai wingu limetulalia, na alilivaa Februari vumbi likitupofusha. Kifungo cha tatu kilikuwa kimepotea. Hilo kabuti ndilo Dobi alilolipiga pasi kwa uangalifu kuliko nguo zote za mteremko ule. Alilinyunyizia maji kwa mdomo, akalipapasa, akalisemesha. Nilimwuliza kwa nini analibembeleza na mwenyewe hampendi. "Koti limekosa nini?" akasema.

Picha ya kwanza niliiona siku ya soko. Wiki ile palikuwa na karamu ya upatanisho. Dume la ng'ombe lilichinjwa, wakubwa wa pande zote mbili wakaingia ndani ya baraza wakafunga mlango, wakala. Vijana waliopigana kwa ajili yao walikaa nje wakinusa. Basi siku ya soko kamba ya Dobi ilikuwa imejaa nguo kama kawaida, na katikati ya mashuka palining'inia kipande cha kitambaa cha marekani. Juu yake, kwa rangi kama ya chai ya rangi, palichorwa kabuti limeketi mezani. Ndani yake hamna mtu. Hakuna kichwa wala shingo. Mkono mmoja umezama kwenye chungu cha kulia, mwingine kwenye chungu cha kushoto, na kifungo cha tatu hakipo. Mbele yake imeketi hewani kofia pana ya kiongozi wa upande wa chini, nayo inatafuna. Pembeni, mashati ya vijana yaliyochanika yamepanga mstari, yanasubiri.

Watu walianza kucheka mmoja mmoja. Mtu wa juu alicheka, akageuka, akamkuta wa chini naye anacheka, wote wawili wakanyamaza kwa aibu, kisha wakashindwa kujizuia. Sikuwa nimeona jambo hilo tangu viberiti. Tarishi wa baraza alipotokea, Dobi alikishusha kile kitambaa, akakitandika juu ya suruali ya mwalimu, akapitisha pasi.

"Nini hicho?" tarishi akauliza.

"Kitambaa cha kupigia pasi, baba. Kimeingia madoa."

Kuanzia hapo kila soko watu walipita kwanza kwa Dobi. Wasiojua kusoma waliisoma kamba ile bila shida. Alichora kwa utomvu wa mgomba, na wasiokaa na migomba niwaeleze: utomvu ukiwa mbichi ni kama maji, hauonekani. Ukikauka na kupigwa jua unageuka kahawia, halafu karibu mweusi, na hautoki. Ndiyo maana kwetu hakuna mtu mwenye akili anayekata ndizi akiwa na nguo ya kanisani. Dobi alikinga utomvu kwenye kikombe, akachovya unyoya wa kuku, akachora mchana kweupe mbele ya macho ya watu, nao wakidhani anaondoa doa.

Uso wa mtu hakuwahi kuchora. Alichora makoti, kofia, viatu, bakora. "Uso kapewa na Mungu, hana la kufanya," aliniambia. "Koti kavaa mwenyewe." Ukimwuliza nani kachora, alikuwa anashangaa kuliko wewe.

Lakini msidhani alikuwa malaika. Siku moja mzaha ukamrudia: mtu alichora kwa mkaa, kwenye ukuta wa kibanda chake, pasi kubwa yenye miguu myembamba na pua ndefu inayonusa soksi. Kusema kweli ilifanana naye vibaya sana. Dobi alinuna wiki nzima. Aliacha kufua nguo za kila mtu aliyemdhania, na alimdhania karibu kila mtu, tukaenda kanisani tumekunjamana kama majani ya maharage. Nilipomwambia, "Dobi, wewe mbona unawachora wenzako?" alinitazama kwa uchungu wa kweli. "Mimi sina pua ndefu," akasema.

Bwana Shauri alipokuja kukagua amani yetu, Mkuu aliagiza meza ya baraza itandikwe kitambaa cheupe. Asubuhi kilikuwa cheupe kweli. Jua likaingia dirishani, Mkuu akaanza hotuba ya umoja, na hotuba zake hazikuwa fupi. Ilipokaribia saa sita, kitambaa kikaanza kupata rangi mbele yake. Kwanza mstari, kisha bega, kisha vifungo, na nafasi ya kifungo cha tatu. Kabuti tupu limesimama na miguu miwili ya kiti badala ya miguu ya mtu. Bwana Shauri alitazama kitambaa, akatazama kabuti la Mkuu, akatoa leso akakohoa kwa muda mrefu.

Mgeni alipoondoka, Mkuu alitoka nje na kitambaa mkononi. "Dobi! Kifue hapa hapa, watu waone kinatoka."

"Kwa sabuni, Mkuu?"

"Kwa nini kingine? Sabuni!"

"Na magadi ya Momela niongeze?"

"Ongeza!"

Akina mama waliokuwa wamekuja na ndizi zao walitazamana. Mmoja akajiziba mdomo kwa kanga. Mtoto wa kike wa miaka saba anajua kwamba doa la utomvu huanzi na sabuni, unaanza na ndimu, tena haraka. Sabuni inalikaza, magadi ndiyo kabisa. Mkuu hakuwahi kufua hata leso maishani mwake, na sisi wanaume tuliomzunguka pia hatukuwahi, kwa hiyo tulisimama tukisubiri muujiza. Dobi alisugua kwa moyo wote, jasho linamtoka, na kila aliposuuza kabuti lilizidi kuwa jeusi. "Jamani, linakataa!" alisema. Akina mama walikaa chini kwa kucheka.

Mkuu alimshuku, si kwamba hakumshuku. Lakini nguo za Dobi zilianikwa nyasini kutwa nzima, yeyote angeweza kuzichezea, na Bwana Shauri alishamwambia hataki kusikia mtu kafungwa bila ushahidi. Ndipo akaniita mimi.

Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, niandike orodha ya vihamba kumi na kimoja vya watu wa chini waliokimbia siku za moto, ionekane vimetelekezwa. Ingegongwa muhuri wa baraza pamoja na karatasi nyingine, kimya kimya, na wenyewe wakirudi wangekuta wenye vihamba ni wengine. La pili, nimletee ushahidi wa mchoraji. "Kile cha seremala, kando ya mfereji," akasema, "nimekuwekea wewe."

Nisijifanye mtakatifu. Nilikitaka. Mimi ni mtoto wa mwisho, nilikuwa naishi kwenye kipande cha kaka yangu kama mgeni, na mke wa kaka alikuwa anahesabu mikungu ninayokata. Kihamba kile nilikijua mpaka mbuni wake wa mwisho. Mwenyewe, fundi seremala, alikuwa amekimbilia Olmotonyi kwa shemeji yake nyumba ilipochomwa. Nikajiambia, mimi naandika tu. Nikaandika majina kumi na moja kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote, na mke wangu sikumwambia, maana mawili kati ya majina yale yalikuwa ya kaka zake.

Nina tabia ya kusoma kwa sauti ninachoandika. Ninayo hadi leo, wajukuu wananicheka. Na ukuta, nimeshasema, ulikuwa wa udongo.

Jumatatu ya kikao nilikuta shati langu mezani, limekunjwa kama siku zote. Nikafunga mlango nivae. Kwenye mkia wa shati, sehemu inayochomekwa ndani ya suruali, upande wa ndani unaogusa ngozi, palikuwa na picha ndogo. Shati limesimama lenyewe, mfukoni doa. Mkono wake umeinua kalamu, na kalamu kwa mbele imekuwa panga. Mbele yake migomba. Nikaihesabu. Kumi na moja, na mitatu imeshalala chini. Penye shina la mwisho yapo mafiga na chungu kilichopinduliwa: jiko la mtu limevunjwa.

Nilikaa chini na shati mapajani. Kwanza nilipandwa na hasira, kisha nikaona kitu kingine. Ushahidi ule Mkuu aliokuwa anautafuta mwezi mzima, Dobi ameuchora kwenye nguo yangu na kunikabidhi mwenyewe. Shati hilo alilishika yeye peke yake. Ningevuka nalo ua tu, yeye angelala jela ya Arusha na mimi ningelala kwenye kihamba changu. Nikasikiliza ukutani. Hakuna kikohozi, hakuna pasi inayogongwa.

Nikalivaa. Nikalichomeka.

Kikaoni Mkuu alisema, "Karani, lete karatasi tugonge muhuri."

Nikasimama. Nikasema, "Mkuu, karatasi ya ardhi husomwa kwanza." Kabla hajajibu nikaanza. Nikataja jina la kwanza, na nani alipanda mibuni ile, na nani anapakana naye. Jina la pili hivyo hivyo. Watu waliokuwa wanasinzia wakainua vichwa. Nilipofika kwa seremala, mzee mmoja wa upande wetu wa juu, mzee aliyemzika mwanawe katika ugomvi ule, alipiga fimbo chini.

"Huyo ndiye aliyemtengenezea mwanangu jeneza," akasema. "Alilibeba akavuka mfereji nalo peke yake, wakati nyinyi mlikuwa mmejifungia. Nani anataka kihamba chake? Asimame nimwone."

Nami nilikuwa nimeshasimama.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Nimeahidiwa mimi. Sikitaki."

Sitawachosha na yaliyofuata. Muhuri haukugongwa siku ile wala baadaye, maana majina yaliyokwisha kusomwa hadharani hayarudi gizani. Seremala alirudi kwake kabla ya mvua, na wenzake wakafuata. Mimi nilifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Jioni nilimweleza mke wangu yote, na orodha pia. Akaniwekea chakula. Tuliendelea kubanana kwa kaka yangu miaka mingine sita, nikiandikia watu barua.

Dobi naye aliendelea kufua, na hatukulizungumza jambo lile hata mara moja. Nilikuwa naona aibu. Shati lile nililivaa hadi likaisha mabegani, nikaliweka sandukuni.

Siku watu walipoanza kusema habari za uhuru waziwazi, nikasikia Dobi amechoka, macho yameingia ukungu, na kwamba anatunzwa Olmotonyi nyumbani kwa yule yule shemeji wa seremala. Nikalifunga shati kwenye gazeti, nikaenda. Nilimkuta nje juani, mwembamba kuliko kamba yake, shati lake mwenyewe jeupe pe.

"Shikamoo, Dobi."

Hakuitikia. Alinyoosha mikono, nikampa shati. Akalipeleka puani, akafumba macho.

"Marahaba, karani," akasema. Kisha akapapasa kola, akakunja uso. "Nani alipiga pasi kola hii? Mtu huyu alikuwa anakuchukia?"

Tulicheka wote wawili. Nikamwambia niliyokuja kumwambia: kwamba nina watoto sita wanaokwenda kwa wajomba zao bila kuinamisha vichwa, na nakaa na mke wangu meza moja bila siri, na kwamba kwa hayo yote nina deni la shukrani kwake, tena nimechelewa. Alitikisa mkono kama anayefukuza nzi. Lakini niliona amefurahi.

"Hukuogopa?" nikamwuliza. "Ningempelekea Mkuu je?"

"Niliogopa sana. Siku ile sikupiga pasi hata leso."

"Wengine wote uliwachora nje, kila mtu akaona. Mimi kwa nini ulinichora ndani?"

Vidole vyake vilikuwa vimefika kwenye mkia wa shati. Vikasimama palipo na picha, ingawa haioni.

"Ulikuwa na mashati mangapi, karani?"

"Moja."

"Sasa ningekuchora nje, ungekwenda kumkatalia Mkuu umevaa nini?"